Plasta Kwenye Dashibodi

Mtu anapokiri kosa kabla hajaulizwa, Inspekta hukosa hamu ya chai. Asubuhi hiyo kikombe chake kilikuwa kimepoa kando ya jalada, na Koplo, ambaye hamu yake haijawahi kupotea tangu azaliwe, alikuwa anakikodolea macho.

“Chukua,” Inspekta alisema bila kuinua kichwa.

“Kama wewe huitaki, Afande…”

“Chukua, halafu nisomee tena.”

Pale kituoni Inspekta aliitwa Bi Tena, ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka jina hilo mbele yake. Ukimaliza kumweleza jambo, alikutazama kwa utulivu na kusema, “Tena.” Ukieleza mara ya pili, alisema hivyo hivyo. Waongo wengi walimpita mara ya kwanza. Mara ya tatu hakuwahi kupita mtu.

Koplo akafuta midomo, akasoma. Juzi, saa mbili kasorobo usiku, mwanamke mmoja fundi cherehani alifunga kibanda chake cha kushonea, akaanza kuvuka barabara kwenda nyumbani. Gari likamgonga na halikusimama. Nyonga imevunjika, mbavu tatu zimevunjika, yuko hospitali, anaongea kwa shida. Maelezo yake yalikuwa mistari miwili: alitazama kulia, hakuona taa za gari, akavuka. Jana alfajiri dereva wa kliniki moja ya binafsi, mzee wa miaka hamsini na tisa, alikuja kituoni kwa miguu yake mwenyewe, akamwambia askari wa zamu, “Ni mimi. Nilisahau kuwasha taa.” Gari lilikutwa limeegeshwa kliniki, bampa imepasuka na boneti imebonyea upande wa kushoto.

“Basi,” Koplo alisema. “Kesi imeiva. Saa tisa mwendesha mashtaka anakuja kuchukua jalada, kesho mzee anapanda kizimbani.”

“Na akipanda akasema hayo hayo?”

“Anakwenda jela, Afande. Kugonga na kukimbia, tena bila taa? Hakimu hatambembeleza.”

“Kwa umri ule atatoka na mkongojo, kama atatoka.” Inspekta alifunua ukurasa wa vielelezo. “Huu mwandiko wa kuku ni wa nani?”

“Wangu, Afande.”

“‘Swichi ya taa, sifuri (imezimwa). Dashibodi haiwaki.’ Haiwaki vipi?”

“Haiwaki tu. Mimi mwenyewe ndiye niliyelileta gari kutoka kliniki, kilomita nne, naendesha kwa kukisia. Spidi siioni, mafuta siyaoni. Nikajua imekufa.”

“Imekufa yenyewe, au kuna aliyeiua?”

Inspekta alikuwa ameshasimama na anatafuta kofia yake.

Gari lilikuwa uani, mbele ya banda la bati linalotunza vielelezo. Fundi umeme wa magari ambaye kituo humwita kila kinapokwama alikuwa ameshafika na mkoba wake. Alikuwa mwembamba, na watu wote walimwita Waya, mama yake akiwemo.

“Nataka kujua jambo moja kwanza,” Inspekta alimwambia. “Taa kubwa za gari hili ni nzima? Kama zilikufa zenyewe njiani, mzee wangu ana pa kujitetea.”

Waya aliingia, akawasha injini, akazungusha swichi kwenye ncha ya kijiti kilicho upande wa kulia wa usukani. Taa kubwa zikawaka. Akazizima, akaziwasha. Akaenda nyuma kutazama, akarudi, akachungulia fyuzi moja moja kama mwanamke anayechambua mchele.

“Kama mlitaka mbovu, poleni,” alisema. “Taa hizi zina afya kuliko mimi.”

Inspekta alikuwa ametumaini kidogo kwamba ni mbovu.

“Na dashibodi?”

Waya alipeleka mkono nyuma ya usukani, chini ya kile kijiti, mahali ambapo jicho halifiki, akapapasa, akasukuma kitu kwa kidole gumba. Dashibodi nzima ikawaka: spidi, mafuta, saa, kilomita, kila kitu.

“Maiti imefufuka,” alisema. “Koplo, nani alikwambia imekufa?”

“Aka! Mimi ningejuaje?”

“Hapa kuna kigurudumu cha kupandisha na kushusha mwanga wa dashibodi. Kuna mtu alikishusha mpaka mwisho. Ukishafanya hivyo, mchana huoni namba hata moja.” Waya alinusa kidole chake. “Na hapa pana gundi. Kilikuwa kimefunikwa na kitu.”

Inspekta aliinama kwenye sakafu ya gari. Chini ya kanyagio la breki, imekunjamana na kushika vumbi, kulikuwa na plasta ya kidonda, ile ya rangi ya kahawia. Aliishika kwa koleo ndogo, akaitia kwenye mfuko wa nailoni.

“Uliangalia hapa jana?”

“Niliangalia,” Koplo alijibu, kisha akaona afadhali aseme kweli. “Niliona uchafu tu, Afande.”

Waliliingiza gari ndani ya banda, wakafunga milango. Banda halikuwa na dirisha, na saa nne ya asubuhi ndani yake palikuwa giza kama usiku. Inspekta alikaa kiti cha dereva, Waya kiti cha pembeni.

“Swichi sifuri,” Inspekta aliagiza. “Mwanga wa dashibodi juu kabisa.”

“Utajuta.”

Alijuta kweli. Mwanga ulimpiga usoni, akafumba jicho moja. Kupitia kioo cha mbele aliona ukuta wa bati umepata kamwanga hafifu.

“Huko mbele kunawaka nini?”

“Vitaa vya mchana. Vinajiwasha injini ikiwaka, ili watu wakuone wakati wa jua. Usiku havisaidii kitu, na nyuma ni giza tupu. Lakini ndivyo vinavyowadanganya watu. Dashibodi inawaka, mbele kuna kamwanga, mtu anaona mambo shwari, anaondoka.”

“Sasa washa taa kubwa.”

Ukuta wa bati ukang’aa, na papo hapo mwanga wa dashibodi ukajishusha wenyewe mpaka ukawa wa kawaida, macho yakapumzika.

“Kwa nini imepungua? Sijagusa kitu.”

“Gari linajua ni usiku kwa taa zako, Afande. Ukiwasha, linashusha dashibodi lisikuumize macho. Usipowasha, linadhani bado ni mchana, linakumulika kwa nguvu zote.”

“Na hii alama ya AUTO hapa kwenye kijiti?”

“Ukiiweka hapo, likiona giza linajiwashia taa lenyewe. Watu wa magari mapya wanaacha hapo miaka na miaka. Wengine hata hawajui kama kijiti kipo.”

Inspekta akapaza sauti. “Koplo! Yule shahidi, kinyozi wa kando ya barabara, alisema nini?”

Koplo alisogea na tochi, akapekua jalada. “Yule tuliyesema amechanganyikiwa? ‘Niliona gari linakuja halina taa kubwa. Ndani kunawaka kama televisheni. Sura sikuiona. Halafu ule mwanga wa ndani ukafifia, hapo hapo nikasikia kishindo.’”

“Tena. Ule mwisho.”

“‘Ukafifia, hapo hapo nikasikia kishindo.’”

“Basi hakuchanganyikiwa. Tuliochanganyikiwa ni sisi.” Inspekta alishuka garini. “Aliyekuwa anaendesha hakuwasha taa. Dashibodi ikamuumiza macho, na yeye akaacha kutazama barabara, akainama kutafuta pa kuipunguzia. Akabandua plasta, akashusha mwanga. Wakati huo huo mama wa watu anavuka.”

“Sasa si ndiyo mzee huyo huyo, Afande?”

“Twende tukamuulize.”

Mzee Dereva aliletwa chumba cha mahojiano. Shati lake lilifungwa vifungo vyote mpaka shingoni, na mikono aliiweka magotini. Inspekta alimpa maelezo yake ayasome. Aliyapokea, akayapeleka mbali na uso kadiri mkono ulivyoweza kufika, akayarudisha mezani.

“Miwani iko wapi, Mzee?”

“Ya kusomea nimeiacha nyumbani. Lakini mbali naona, mwanangu. Naona inzi ng’ambo ya barabara.”

“Kasi yako ilikuwa ngapi?”

“Hamsini.”

“Umejuaje?”

“Niliona kwenye dashibodi.”

“Bila miwani?”

“Dashibodi yangu naiweka juu kabisa. Mwanga ukiwa mwingi naona vizuri.” Alisema hivyo kwa fahari ya mtu anayeijua kazi yake. “Nikakibandika na plasta kile kigurudumu. Vijana wanaoosha gari wakipangusa wanakizungusha, halafu mimi nabaki kipofu njiani. Kliniki plasta hazikosekani.”

“Na taa kubwa? Nieleze unavyoanza safari.”

“Naingia. Mkanda, taa, vioo, ndipo naondoka. Nikiegesha narudisha swichi sifuri. Kila siku, miaka thelathini na moja.”

“Kwa nini usiache kwenye AUTO, gari likuwashie?”

Mzee alimtazama kama ameulizwa kwa nini asiliachie gari limlelee watoto. “Taa ni kazi ya dereva. Gari halimjui anayevuka. Tena zamani niliwahi kuegesha nikaacha taa zinawaka, betri ikalala, na nyuma nina mama ana uchungu. Alijifungulia humo humo garini. Tangu siku hiyo, mimi na sifuri hatuachani.”

“Siku ile juzi ulishusha mwanga wa dashibodi?”

“Nishushe ili iweje? Si nitakuwa sioni…” Alisita. Vidole vilijikunja magotini. “Ndiyo. Nilishusha.”

“Mpaka wapi?”

“Mpaka… chini.”

“Ukashusha mpaka chini, huna miwani, na ukasoma hamsini.”

Mzee alikigusa kifungo cha shingoni.

“Na taa ulisahau. Ulisahau kwa miaka thelathini na moja, au jioni ile tu?”

“Jioni ile tu.”

“Tena.”

“Mwanangu, andika nilivyosema!” Mzee alipandisha sauti, kisha akaishusha kwa aibu. “Nimeshakiri. Mnataka nini kingine kwa mtu aliyekiri?”

“Nataka unieleze unamficha nani.”

Mzee aligeukia ukuta. Inspekta alimtazama Koplo, na Koplo, ambaye mara moja moja alikuwa na msaada, akafungua kijitabu chake.

“Afande, Mzee ana binti. Muuguzi, kliniki hiyo hiyo. Juzi alikuwa zamu ya usiku.”

Kiti kilianguka. Mzee alikuwa amesimama. “Binti yangu msimtaje! Mimi niko hapa, nifungeni mimi! Yeye mwacheni na kazi yake!”

Hapo Inspekta alijua ameshika uzi, na hakufurahi hata kidogo. Kumtoa baba jela ili uingize binti ni kazi ambayo hakuna anayekupongeza ukiimaliza.

Kliniki ilikuwa nyumba ya vyumba sita, safi, inanuka dawa ya kusafishia sakafu. Ufunguo wa gari ulining’inizwa kwenye msumari nyuma ya meza ya mapokezi, mtu yeyote aliye ndani angeweza kuuchukua. Koplo alishapata ratiba. Juzi, Mzee aliondoka saa kumi na moja na nusu. Mlinzi wa usiku aliingia saa tatu. Kati ya hapo, ukiacha wagonjwa wawili waliolazwa, ndani walibaki watu wawili: muuguzi, yaani binti wa Mzee, na Daktari mwenye kliniki.

Binti alikuwa na macho mekundu, ila alijibu wima.

“Leseni unayo?”

“Ninayo. Baba ndiye aliyenifundisha, kwa gari hilo hilo.”

“Juzi jioni ulitoka nalo?”

“Sikutoka mlangoni hata hatua moja.”

“Nani atathibitisha?”

“Hakuna. Wagonjwa wangu wote wawili walikuwa wamelala, na Daktari alikuwa nje na tairi lake.” Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. “Afande, Baba alikuja jana alfajiri. Akanishika kichwa kama mtoto mdogo, akaondoka. Hata hakunisalimia. Kidogo nasikia yuko kwenu. Baba yangu hajawahi kugonga hata kuku. Niambieni basi, alikuwa anakwenda wapi saa mbili usiku?”

Ama alikuwa mkweli, ama alikuwa mwigizaji. Inspekta alikwisha kutana na wote, na wote hulia vizuri.

Daktari aliwakaribisha ofisini kwake, akawavutia viti mwenyewe. Alikuwa mtu wa sauti ya chini na kucha safi.

“Masikini Mzee,” alisema. “Nimeshamtafutia wakili. Umri unamtupa mkono, nami ni wa kulaumiwa, ningempumzisha mapema.”

“Gari lile wewe huliendeshi?”

“Hata siku moja. Lina dereva wake, na mimi nina langu.”

“Juzi jioni?”

“Langu lilikuwa na pancha. Nimehangaika na tairi pale uani mpaka mlinzi alipofika. Muulizeni, mikono yangu ilikuwa myeusi tii.”

“Jeki ulikuwa nayo?”

“Jeki?” Alivuta droo, akaifunga. “Ndiyo. Ilikuwemo.” Kisha akasogea mbele, sauti ikashuka zaidi. “Inspekta, mimi sipendi kumsema mtu. Lakini yule binti ana leseni, na baba ni baba. Mnanielewa.”

“Tunakuelewa sana,” Inspekta alisema, akanyanyuka. “Daktari, gari tumemalizana nalo. Njooni mlichukue saa nane, wewe na muuguzi. Nitahitaji sahihi zenu.”

Nje, Koplo alimkimbilia. “Afande, kielelezo tunakirudisha kweli?”

“Nani kasema tunarudisha? Nimesema waje.”

Saa nane banda lilikuwa tayari. Gari la kliniki lilisimama ndani kabisa, gizani, pua imeelekea ukuta wa bati. Waya alikuwa amerudisha swichi sifuri na mwanga wa dashibodi juu kabisa, na juu ya kigurudumu amebandika plasta mpya. Mstari wa chaki ulichorwa sakafuni hatua nne mbele ya gari.

Daktari alikuja na gari lake, binti amekaa pembeni yake. Koplo aliwapungia mkono waingie moja kwa moja. Gari lilipovuka kizingiti na kuliacha jua, taa zake kubwa ziliwaka. Inspekta alikuwa amesimama mlangoni, karibu na dirisha la dereva. Mikono ya Daktari ilikuwa juu ya usukani, haikugusa swichi yoyote. Baadaye kidogo alizima injini, taa nazo zikazimika, na Koplo akaufunga mlango wa banda.

“Mbona giza?” Daktari aliuliza.

“Umeme wetu ni wa kubahatisha,” Inspekta alisema. “Nataka kila mmoja aliwashe, alisogeze mpaka kwenye mstari, nijue liko salama kuondoka. Dada, anza.”

Binti aliingia. Mwanga wa tochi ya Koplo ulionyesha mkono wake wa kulia ukienda kwenye kijiti hata kabla hajakaa sawa. Akawasha injini na ukuta ukang’aa. Ndipo akavuta mkanda, akatazama vioo, akasogea taratibu mpaka kwenye mstari. Dashibodi hakuitazama hata mara moja. Aliposimama akarudisha swichi sifuri, akazima, akashuka.

“Ulijifunza wapi kuwasha taa hivyo?”

“Si nimekwambia? Kwa Baba. Ukisahau taa kwake, unashuka unarudi nyumbani kwa miguu. Nimetembea sana mimi.”

Waya alicheka gizani. Inspekta hakucheka, lakini kuna kitu kilimshuka begani. Walilisukuma gari likarudi mahali pake.

“Daktari, nawe.”

“Mimi? Nimeshasema sijawahi…”

“Ndiyo maana. Hatua nne tu.”

Daktari aliingia. Alivuta mkanda, akabonyeza kitufe, injini ikaitika. Mwanga ukampiga usoni, wote wakaona kidevu chake kimewaka, macho yamekunjamana. Mkono wa kushoto ulibaki kwenye usukani. Wa kulia ukaenda nyuma ya usukani, chini ya kijiti, bila kupapasa, bila yeye kuinama. Kukasikika mchaniko mdogo wa plasta. Mwanga ukafifia, kidevu kikapotea. Na gari likaanza kusogea kuelekea ukuta, gizani, bila taa.

“Zima!” Inspekta alisema, na Koplo akawasha taa ya banda, ambayo muda wote ilikuwa nzima.

Daktari alishuka, plasta imemganda kidoleni.

“Mkono wa kulia umefanya nini?”

“Nimepunguza mwanga. Ulikuwa mkali.”

“Tena.”

“Nimepunguza mwanga wa dashibodi.”

“Umejuaje pa kupunguzia? Koplo wangu ameendesha gari hili kilomita nne akadhani dashibodi imekufa. Kigurudumu hakionekani, kimefunikwa plasta, na wewe hujawahi kuliendesha hata siku moja.”

“Magari yote yako hivyo.”

“Waya, gari lake linapunguziwa wapi?”

“Kwenye kioo cha katikati ya dashibodi, kama cha simu, Afande. Unagusa kwa kidole. Halina kigurudumu.”

Daktari alijaribu kuibandua ile plasta, ikahamia kidole kingine.

“Tuache hilo,” Inspekta alisema. “Ulikuwa gizani. Mbona hukuwasha taa?”

Daktari aligeuka, akalitazama gari, akautazama ukuta. Ilionekana wazi kwamba ndiyo kwanza analiona jambo hilo. “Nilidhani zinawaka.”

“Tena.”

“Nilidhani zinajiwasha zenyewe, kama za…”

“Kama za gari lako.”

Binti ndiye aliyesogea mbele, hatua moja, kisha nyingine, mpaka Koplo akanyoosha mkono kumzuia.

“Wewe ulimwambia nini baba yangu?” aliuliza. “Daktari. Ulimwambia nini?”

“Nilikwenda mara moja tu,” Daktari alisema, na sauti yake sasa haikuwa ya chini. “Kutafuta jeki. Mara moja tu, narudi. Yeye ndiye aliyetokea mbele ghafla…”

“Ishia hapo,” Inspekta alimkatiza. “Kuanzia sasa unayo haki ya kunyamaza, na lolote utakalosema linaandikwa. Koplo, karatasi.”

Mwendesha mashtaka alipofika saa tisa, alilazimika kusubiri jalada, akanuna. Koplo alimpa chai.

Inspekta alikwenda mahabusu mwenyewe. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi vile vile, vifungo mpaka shingoni.

“Alikupigia simu usiku ule,” Inspekta alisema. “Daktari.”

Mzee alitazama sakafu. “Alisema, Mzee, binti yako kachukua gari kaponda mtu, mimi nitanyamaza, lakini polisi watakuja. Nikaenda alfajiri. Gari nimelikuta limevunjika, mtoto nimemkuta macho mekundu. Nikajua ni kweli.”

“Alikuwa amekesha na wagonjwa. Hukumuuliza?”

“Ningemuulizaje? Angesema ndiyo, ningekuwa shahidi wa kumfunga mwanangu.” Aliinua uso. “Yule mama mshonaji anaendeleaje?”

“Leo amekunywa uji. Madaktari wanasema atapona, ila kutembea ni polepole.”

“Ashukuriwe Mungu.”

“Mzee, aliyemgonga aliendesha bila taa. Nimemweka binti yako gizani, kwenye gari lile lile, swichi ikiwa sifuri kama unavyoiacha. Aliwasha taa kabla hajakaa vizuri. Hakujua namtazamia nini. Aliyeondoka bila kuwasha ni Daktari, na ameshasema.”

Midomo ya Mzee ilisogea kama anayehesabu. Kisha akasema, “Tena.”

Inspekta hakuzoea kuambiwa neno hilo. Alivuta kiti, akaketi, akamweleza tena, polepole, tangu mwanzo: giza, mkono wa kulia, kijiti, ukuta ulivyong’aa.

“Aliwasha taa kwanza?”

“Kwanza kabisa. Halafu mkanda.”

“Halafu mkanda,” Mzee alirudia. “Huyu mtoto hasikii. Nimemwambia mara ngapi, mkanda kwanza, taa baadaye.” Akafunika uso kwa mikono miwili, na mabega yakaanza kutikisika. Inspekta aliuacha mlango wazi, akaenda kumwita binti aliyekuwa amesimama koridoni.